Nyumba ya Bi Mwanaisha Haijaezekwa

Kisiwani Chula, Jumatano usiku

Wewe utakayesoma haya, nakusihi yaishie kwako.

Nyumba hizi tunazijenga wenyewe kwa ajili ya wenzetu waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi. Mimi ni karani tu wa kamati. Leo mchana mtu mwenye bunduki alinishika bega. "Karani, ile ya mwisho ni ya ndugu yangu. Kesho anahamia."

Ile ni ya Bi Mwanaisha. Hapa kwetu, mtu akishapika ndani ya nyumba, ni aibu kubwa kumtoa, hata kwa wenye silaha. Nikamkimbilia Bi Mwanaisha, nikamwomba ahamie leo.

"Mwanangu, paa bado. Na mvua nayo niipikie?"

"Pika, mama. Tafadhali."

Akanitazama, kisha akabeba jiko. "Mchu hafukuzwi kwao mara mbili." Mchu, kwa lugha yetu ya hapa, ni mtu.

Moto wake nauona kutoka hapa. Kila nyayo zikipita njiani naisikia sauti ya yule mtu. Na kama yeye hana haya? Nimemweka mama wa watu peke yake ndani ya...

Ukinikosa, usiniulizie kwa kamati. Nenda Ras Kamboni, kwa mjomba wangu anayeshona nyavu karibu na msikiti. Usitaje jina langu mbele ya watu. Kaa naye mpaka wengine waondoke, ndipo umuulize nilipo.