Mkono wa Breki na Ndagala za Batuli

Mama Esha,

Ukitoka ziwani funga mlango, nimeuacha wazi. Batuli mpelekee kibaba cha unga, umwombe radhi: visamaki vyake vya ndagala alivyoanika vimejaa mchanga kwa sababu yangu.

Asubuhi hii niliijaribu baiskeli kuukuu ya boma kwenye mteremko. Fundi Amisi alikuwa ameupinda mkono wa breki kwa moto mpaka ukakaribia vidole vyangu, akauvika ngozi ya mbuzi, nawe ukailainisha kwa mawese. Nikabana, haikusimama, nikaishia juu ya mikeka ya Batuli. Watu wakacheka. Kwa kuona haya nikasema mbele yao kwamba mawese yako yamenitelezesha vidole.

Baiskeli iache ukutani, askari ataifuata. Nimekwenda Usumbura kwa miguu kuwarudishia Wadachi mfuko wa barua. Tarishi asiyeweza kusimamisha baiskeli wa nini? ~~Nitarudi Ijumaa.~~ Msiningoje Ijumaa.

Amisi asiupinde tena mkono wa breki. Nimeifuta ngozi ikakauka, nikajaribu tena hapa uani, ikawa vilevile. Mawese hayana kosa, mke wangu. Vidole havikunjiki tangu ile homa. Hata kalamu hii nimeishika kwa mikono miwili.

Baba Esha