Dirisha Linaloona Bahari

Hamm, Westfalia
Jumapili, 21 Mei 2023

Mpendwa Shangazi Gerlinde,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako la kushoto limekubali kupanda ngazi tena. Huko Osorno, kusini mwa dunia, baridi ndiyo inaingia, na huku tunasema kiangazi kimefika ingawa makoti ya mvua bado yananing'inia mlangoni. Mumeo, mzee Rodolfo, anaendeleaje? Binti yenu Ximena alitutumia picha yake mzee amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, tukacheka mpaka tukafuta machozi. Sisi hatujambo. Wifi yako, mama yangu, ana kikohozi tangu Pasaka, na ameniagiza nikuandikie kwamba hana kikohozi.

Asante sana kwa sweta za watoto. Ya Mattis imemkaa kama aliyepimwa. Ya Rike imekuwa fupi mikononi, lakini kosa si lako. Ana miaka kumi na mitatu na anarefuka tukimwangalia. Ameivaa hivyo hivyo, anasema ndiyo mtindo.

Mwishoni mwa barua yako uliuliza swali dogo, kama mtu anayeuliza bei ya mkate: mwaka huu unawapeleka wapi watoto likizo, na usisahau kunitumia picha ya bahari. Shangazi, nimelikimbia swali hilo tangu barua ilipofika. Leo nimejikaza nimeketi. Nakuomba tu usinicheke kabla hujafika mwisho.

Habari za mimi na Katrin unazijua, sizirudii. Tunasikilizana vizuri zaidi sasa kuliko tulipokuwa mume na mke. Usichokijua ni kwamba mwezi wa pili alipata kazi ya uuguzi Regensburg, kazi nzuri yenye zamu za kibinadamu, akahamia huko na watoto. Sikumzuia. Ningemzuia kwa lipi, mimi mpishi wa shule? Nilimsaidia kubeba kabati. Lakini Regensburg iko Bavaria, na hapo ndipo nilipokwama.

Wewe ulifundisha huku kabla hujaolewa, mchezo wetu unaufahamu. Kila jimbo linafunga shule kwa wakati wake, ili barabara zisizibe na watu wasikanyagane ufukweni, na majimbo mengi yanapokezana zamu mwaka hadi mwaka. Bavaria haipokezani zamu na sisi. Wao hufunga mwisho, wenzao wakiwa wameanza kurudi, na ndivyo walivyo tangu wewe una chaki mkononi. Mwaka huu Westfalia tumeangukia zamu ya kwanza kabisa. Tunafunga mwezi wa sita, na mwanzoni mwa Agosti mimi nimesharudi jikoni. Wanangu wanafunga shule sisi tukiwa tunapiga pasi aproni.

Na mpishi wa shule hapewi likizo shule ikiwa wazi. Niliomba, Shangazi. Bosi alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Henning, hao watoto mia nne niwape nini mchana, barua yako ya maombi?" Hildegund, ninayepika naye, akadakia kutoka kwenye masufuria: "Si uwahamishie na hawa huko Bavaria? Tutafunga wote pamoja, na mimi nitapata kupumzika." Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani sikuwa na kicheko tena.

Sasa nikueleze lililofanya jambo hili liniume. Mattis ana miaka minane na hajaiona bahari. Mwaka jana niliwapeleka pwani ya kaskazini kwa siku moja, kwa tiketi ya bei rahisi ya kundi, na saladi ya viazi na mayai ya kuchemsha kwenye kikapu. Tukapanda lile tuta la kuzuia mafuriko, Mattis mbele anakimbia na ndoo yake. Akafika juu akasimama. Maji yalikuwa yamekupwa. Mbele yetu tope tupu mpaka macho yanapoishia, na shakwe wanatembea juu yake kama wenye nyumba. Akaniuliza, "Baba, bahari iko wapi?" Nikamwambia imetoka kidogo, itarudi. Tuliingoja. Tukala saladi, tukala mayai, tukakaa kwenye kile kiti cha ufukweni cha kukodi, kilichosukwa kama kikapu, mpaka mwenyewe akaja kukifunga. Treni yetu iliondoka kabla maji hayajarudi. Alilia kimya kimya mpaka Bremen, ndoo mapajani.

Siku ile nilimwahidi mbele ya dada yake: mwaka ujao hatuendi kwa siku moja, tunakwenda kulala, ili bahari ikirudi itukute.

Novemba nikaweka nafasi. Unajua sisi watu wa huku tulivyo, tukisikia punguzo kwa anayelipa mapema tunalipa kabla hata hatujavua viatu. Nikapata chumba kule kule pwani kwa Bibi Tjarks, mwenye nyumba ya wageni, ghorofa ya juu, nyuma ya tuta. Vyumba vyote pale vinatazama tuta, ila hiki kimoja kiko juu kiasi cha kuliruka, dirisha lake linaona bahari. Nililiongezea fedha dirisha hilo. Wiki ya pili ya Julai, likizo ya Westfalia, kila kitu kimekaa sawa. Fedha hairudi, tarehe haibadiliki, ndiyo sababu ikawa nafuu. Wakati huo watoto walikuwa bado wanasoma hapa Hamm, mtaa wa pili kutoka kwangu. Niliziangalia tarehe za jimbo letu kwa sababu lilikuwa jimbo letu.

Walipohama, nilimpigia simu Bibi Tjarks nikamweleza yote, mpaka habari ya tope.

"Ulitaka Julai, umepewa Julai," akasema.

"Na ile wiki ya mwisho, inayoingia Agosti, je?"

"Imejaa. Familia ya watu sita."

"Hata pembeni pembeni? Hata banda la baiskeli?"

"Banda la baiskeli lina baiskeli."

Akanitakia siku njema na akakata. Hakuwa na ubaya, watu wa kule hawapotezi maneno.

Wiki hiyo niliyoitaja ndiyo pekee tuliyonayo, Shangazi. Kwao ni ya kwanza ya likizo, kwangu ni ya mwisho. Nimeitafutia mahali kwa kila njia ninayoijua. Hosteli za familia zimejaa tangu baridi. Viwanja vya mahema, mwenye kimoja aliniuliza kama nataka jina langu liingie kwenye foleni ya mwaka ujao. Nikasema labda ndege, Hispania, watu wanasema kwenda huko ni rahisi kuliko kwenda pwani yetu wenyewe. Bei ilipanda nikiwa naisoma. Nilikwenda kuweka birika jikoni, niliporudi imepanda tena. Wanajua kabisa siku ambayo watoto wanatoka shule, na wanatungoja mlangoni.

Rike alikuwa na dawa yake. "Baba, Julai twende tu. Mpigie mwalimu umwambie sote wawili tunaharisha. Hakuna mtu anayeuliza zaidi habari za kuharisha."

Usinilaumu, nililifikiria. Nililifikiria kiasi cha kumgusia Katrin. Nikasikia anavuta kiti.

"Wiki nzima, Henning? Huku polisi wanasimama uwanja wa ndege kuwauliza watoto kwa nini hawapo shuleni."

"Sisi tunapanda treni."

"Na mwalimu wa Mattis anakaa ghorofa ya chini yangu. Nimwambie watoto wanaharisha kimya kimya?"

Halafu akaniambia kwa sauti ya chini, sauti aliyokuwa akinisemesha zamani, kwamba ile wiki moja ninayoihangaikia Rike hayupo hata hivyo. Amejiunga na vijana wa zimamoto wa mtaani kwao, na kambi yao ni siku hizo hizo. Kesho yake nikamuuliza mwenyewe. Akaniambia amepewa kushika mpira wa maji wa mbele, kitu ambacho mgeni hapewi, na kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu wahame mtu kumwambia njoo. "Ukitaka nitaacha, Baba," akasema. Nikamwambia asithubutu kuacha. Akafurahi, na aliponiaga aliniaga kwa Servus, kama wanavyoagana kule. Nilibaki na simu mkononi. Miezi mitatu tu, na mtoto ameshabadili maneno ya kwaheri.

Basi wiki hiyo nitakwenda mimi Regensburg. Katrin amenipa kochi la sebuleni. Mchana yeye akiwa zamu nitakaa na Mattis, tutashuka mtoni, tutakula aiskrimu, nitampikia viazi vya kukaanga kama anavyovipenda. Sikatai kwamba ni neema. Wako akina baba wasiopata hata kochi. Lakini sicho nilichomwahidi, na yeye si mtoto wa kusahau.

Ukisema vipi kuhusu wakati mwingine, Shangazi, nimeshautazama huo wakati mwingine. Wiki ijayo wao wanaanza likizo yao ya Pentekoste, wiki mbili, nami nitakuwa nakoroga supu ya dengu. Oktoba nitafunga mimi, wao wako darasani. Wakifunga wao, nimesharudi mimi. Pasaka na Krismasi tunakutana, lakini Pasaka walikuja kwangu na mvua haikukatika siku hata moja, na Krismasi pwani ile hakuna anayekwenda ila mwenye mbwa. Nazishika kalenda mbili, moja kila mkono, na kila nikizisogeza zinapishana. Sina la kufanya. Naandika hivi na naona aibu, mtu mzima mwenye ndevu, lakini ndivyo ilivyo. Sina la kufanya.

Chumba cha Julai nilitaka kumpa Hildegund. Mama akakataa. Daktari amemwambia hewa ya chumvi itamfaa kifua, kile kifua kisicho na kikohozi, na peke yake hawezi treni za kubadilisha. Basi tunakwenda mimi na yeye. Ameshatoa kofia yake ya majani kabatini, ameiweka juu ya redio.

Alhamisi, sikukuu ya Kupaa, nikampigia Mattis nimweleze mwenyewe, nisimwachie mama yake kazi hiyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nikamwambia mimi na bibi yake tutakwenda kule kwenye tope, tutalala pale, na bahari ikirudi nitampigia simu ya video, aione inavyoingia, hata kama ni asubuhi kabla hajaenda shule. Nikamwambia nimeshaangalia, ziko siku itaingia saa nzuri. Nilidhani atafurahi. Nilikuwa nimejipongeza kwa wazo hilo kama mtu aliyegundua kitu.

Akasema, "Usinipigie, Baba."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nikiiona kwenye simu nitakuwa nimeshaiona."

Nikamwambia sawa, sitapiga, tutaiacha mpaka siku tutakayokwenda wote. Nikadhani tumemaliza.

"Na wewe usiione," akasema. "Tuione pamoja. Uniahidi."

Ungesema nini, Shangazi? Mimi nilisema, "Naahidi." Akaridhika kabisa, akaanza kunieleza habari za paka wa jirani.

Kwa hiyo mwezi wa saba nakwenda kukaa wiki nzima kwenye chumba ambacho nilikilipia zaidi kwa sababu ya dirisha lake. Nimemwambia mama. Nikangoja anicheke. Akasema yeye hakuahidi kitu, kwa hiyo atakaa dirishani, na maji yakianza kuingia ataniita mapema nirudi ndani kabla sijayaona. Mimi nimechagua kiti cha upande wa jiko, kinachotazama ukuta. Maji yakikupwa nitatoka nikatembee kwenye tope, lile nimeruhusiwa, tumeshaliona pamoja.

Ile picha uliyoiomba, basi, mwaka huu nisamehe. Sitakuwa nayo.

Msalimie mzee Rodolfo, umwambie kofia inampendeza. Msalimie Ximena na mumewe, na wale pacha ambao bado sijui kuwatofautisha. Mama anakusalimu sana, anasema wifi yake asisahau kula. Watoto wanakusalimu, Rike kwa lugha yake mpya na Mattis kwa ile ya zamani. Mungu akulinde na baridi, alitie nguvu goti lako, na atujalie mwaka mmoja ambao kalenda zetu zitakubaliana.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye daima,

Henning