Kidonda Kimeanza Kufunga

Jumatano, Julai. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kumfanya mtu avae sweta mbili. Nimetoka kliniki, naandika kwenye kibanda cha intaneti hapa Moshi mjini. Nimechagua kompyuta ya karibu na mlango. Ni mazoea ya mtu anayejua kwamba ananuka.

Kumbe leo sinuki.

Kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Kirua Vunjo, peke yangu. Miaka minne iliyopita niliteleza nikivuka mfereji shambani, nikachubuka juu ya kifundo cha mguu wa kushoto. Mchubuko ukawa kidonda, na kidonda kikagoma kupona. Nimepaka kila nilichoambiwa. Kanisani nilianza kukaa benchi la nyuma, kisha nje, kisha nikaacha kwenda.

Miezi miwili iliyopita daktari mmoja kijana aliniambia kuna njia wanaijaribu. Wangenitoa damu mkononi, waizungushe kwa kasi kwenye mashine mpaka ijitenge, kisha wachukue yale maji ya njano yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda mtu akijikata, wayaweke kidondani. Alisema chembe hizo hubeba vitu vinavyoamsha nyama iote upya. Hakuniahidi kitu. Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii, na kusafisha na kufunga bandeji kungeendelea vilevile.

"Kwa hiyo dawa ni mimi mwenyewe," nilimwambia.

Akacheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba hata dawa nimekosa mtu wa kunipa.

Nikawa nakwenda kila wiki. Wiki tatu za kwanza sikuona mabadiliko, nikakaribia kuacha. Wiki ya nne muuguzi alipima kwa rula yake, akapima tena. Leo alipofungua bandeji, kidonda kilichokuwa kikubwa kama yai kimebaki kama ukucha wa kidole gumba. Pembeni kuna ngozi changa, nyembamba, inang'aa.

"Mwalimu, kinafunga," daktari alisema.

Nilitoka nje, nikashika simu. Sikujua nimpigie nani.

Mwishowe nikampigia mdogo wangu Ndeshi, anayeuza nguo sokoni Tarakea. Miaka mitatu hatujaongea. Alikuja siku moja kuniosha kidonda, nikamwona ameziba pua kwa khanga, nikamwambia aondoke. Hadithi hiyo nimeisimulia kwa kila mtu, hata humu: ndugu yangu wa tumbo moja alininyanyapaa.

Leo alisikiliza habari za kidonda mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Ni kweli niliziba pua, dada. Lakini kesho yake nilirudi, ukanifungia mlango."

Sehemu hiyo sijawahi kuiandika.

Nilimsikia akibisha. Alibisha sana, akiniita kwa jina la utotoni ambalo siku hizi hakuna mwingine anayelijua. Nilikaa kitandani, nimekumbatia mguu wangu, nikingoja achoke.

Mtu anaweza kuzoea kukaa mahali pa aliyeonewa mpaka akapapenda. Mimi nilipapenda.

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia, akaaga kwamba ana mteja. Hakusema atakuja. Wala hakusema nisimpigie tena.

Daktari ameniruhusu kutembea zaidi, mradi mguu nisiuache ukining'inia muda mrefu. Basi Jumamosi nitapanda gari la Rombo mpaka Tarakea, nimuulizie sokoni, nielekezwe nyumbani kwake. Nimesahau hata rangi ya mlango wake.

Asiponifungulia, nitasimama pale nje mpaka nijue alisimama muda gani.