Namba za Kichwani

Kwako Dada,

Salamu nyingi baada ya kitambo. Naamini u mzima, na shemeji kikohozi kimemwachia. Mimi mwili hauna neno, mengine utayasoma.

Nilikuahidi kwamba faili lako, lenye habari za zile sindano za kuzuia mimba, litafungiwa ndani ya kompyuta mpya ya zahanati yetu asilione mtu, huku wakwe zako wakiendelea kukuombea mtoto. Ufunguo wenyewe ni namba ndefu, na usalama wake ni kwamba hakuna awezaye kuikisia. Mwongozo ulitutaka turushe dadu mara mia mbili, tuandike kila namba inayoangukia, kisha tuilishe kompyuta.

Loo, ungewaona wenzangu! Mganga Mkuu, mtu wa kuita fundi plagi ikichomoka, aliuliza kwa nini tusitumie tarehe yake ya kuzaliwa, maana ni ya heshima. Karani wa masijala ndiye aliyepewa dadu. Ilipoanguka sita mara tatu mfululizo, akafuta mbili akidai zimezidi! Nikamwambia mbele ya watu kwamba dadu haijui zamu, na kwamba yeye kichwani ana makapi. Maskini, akaanza upya. Nikampokonya, nikasema kazi ya akili waachiwe wenye akili.

Jumatatu akaja mkaguzi, mama mpole wa sauti ndogo. Tulikusanywa wote ukumbini. Alieleza kwamba mtu anayejifanya amerusha dadu huogopa kurudia namba, na mkono wake huzunguka njia zilezile, kwa hiyo yeye huanza kwa kujaribu namba za watu wa aina hiyo. Kompyuta yake iliupata ufunguo wetu chai ikiwa bado ya moto. Ili tuamini, akafungua faili la kwanza, na projekta ikalitandaza ukuta mzima.

Dada, nilirusha mara kumi tu. Nikachoka, nikaona upuuzi, zilizobaki nikaziandika kutoka kichwani. Hata sita mbili za kufuatana sikuthubutu kuziweka. Karani angalau alirusha. Na faili la kwanza lilikuwa lako. Nililitanguliza mwenyewe kwa kukupendelea.

Mkaguzi alilifunga haraka, lakini wifi yako, mpokezi wetu, alikuwa kiti cha mbele. Alipotoka aliomba ruhusa ya Jumamosi, akasema anakwenda kumwona kaka yake.

Nimeandika kwa sababu simu yako huipokea shemeji. Barua itakufika Alhamisi, kwa hiyo una siku moja ya kumwambia mumeo kwa kinywa chako, kabla hajaambiwa na dada yake. Nitukane utakavyo, nimestahili, ila usiingoje Jumamosi.

Wasalimie majirani. Shemeji usimpe salamu zangu, atataka kujua barua imesema nini.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenisomesha.