Baba, Staringi Amerudi

Baba,

Mugonile. Ungenicheka kwa kukusalimia Kinyakyusa halafu nikaendelea kwa Kiswahili, lakini ndivyo ulivyofungua kila mkanda. Salamu kwanza, kisha unapuliza maiki, kisha ndiyo dunia inaanza.

Mvua ya Kyela haijakata. Juzi asubuhi wale wadudu wa ziwani walisimama juu ya maji upande wa Itungi kama moshi wa kuni mbichi, nikakaa nikiwaangalia, nikawa na uhakika kabisa kwamba sasa hivi utatokea mle ndani na redio yako kwapani, ukiuliza nani kahamisha kiti chako. Nakuona kila mahali siku hizi. Mama anasema ni kwa sababu silali vizuri. Mimi nasema ni wewe tu hutaki kuondoka, mbishi ni mbishi.

Banda lako la video pale Bondeni, ulikokuwa ukitutafsiria filamu kwa maiki, lilibaki na kufuli tangu tulipokuzika. Siku moja Bi Mwanaidi wa duka la vitenge akaja nyumbani, akakaa na Mama, halafu akasema: "Tuwekeeni mkanda wa Subilaga, tumlilie mzee vizuri." Wote wawili wakanigeukia. Ningejificha wapi? Miaka yote nilikaa pembeni yako nikishika waya wa spika.

Subilaga! Kwenye filamu yenyewe haitwi hivyo, Mzungu gani aitwe Subilaga, lakini Kyela nzima wanamjua kwa jina hilo ulilompa. Mwanamke anayevusha watu mtoni, mumewe kaenda vitani, naye anamngoja. Kuhusu mto, wewe ulisema ni Songwe, basi watu wa Katumba Songwe wakawa wanabishana ni kivuko cha kwao kipi. Hadithi yenyewe uliipenda kabla hujaiona filamu, tangu enzi zako za kazi ya meli, abiria alipokuachia kile kitabu cha zamani cha Kiingereza. Ulikisoma ziwa zima, kwenda na kurudi, mpaka jalada likabanduka. Miaka mingi baadaye filamu yake ilipokufikia, uliitazama mara moja ukasema: "Wamekiogopa kitabu." Sikukuelewa.

Mimi filamu ile niliijua kwa sauti yako tu. Mwishoni mtumbwi unakuja kutoka ng'ambo, mwanamume anashuka, Subilaga anatupa kasia, anamkimbilia, anamkumbatia, analia. Na wewe kwenye maiki: "Huyu siye mumewe, jamani. Huyu ni shemeji. Amekuja kusema kaka hatarudi tena, na kwamba mpaka mwisho alikuwa anamtaja mkewe." Mabenchi yote yanalia. Mara ya kwanza vijana walipiga kelele, "Staringi hafi, mzee!" Ukawajibu taratibu: "Huku kwetu anakufa."

Sasa ili nijiandae, niliitazama peke yangu mchana mmoja, bila wewe. Weee, Baba! Ni mumewe! Anamwita kwa jina, anamwambia nimerudi, hata muziki unashangilia. Kumbe ule muziki ulikuwa unaufunika kwa sauti yako. Nikairudisha nyuma, nikaangalia tena, ni yeye. Nikakuita mwongo kwa sauti kubwa, mle bandani, na hakuna aliyenijibu. Hilo ndilo lililoniliza.

Nikachukua kitabu. Kwa Kiingereza changu cha sekondari na kamusi iliyochanika, nimekisoma chote. Acha niiseme filamu vizuri kwanza, maana haki yake ipewe. Ule ukungu wa asubuhi juu ya mto, kitabu kinahangaika nao kurasa nne, filamu inakuonyesha mara moja tu na unahisi baridi mgongoni. Na uso wa yule mwanamke! Lakini sahani, Baba. Kwenye filamu anamfunikia mumewe chakula jioni moja, unaona, unasikitika, hadithi inaendelea. Kwenye kitabu anaifunika sahani katika kila sura. Anafunika mpaka unachoka, unataka kumwambia basi, dada, inatosha, halafu ndipo unapoelewa kwamba kuchoka kwako ndiko kungoja kwenyewe. Filamu ina haraka, haiwezi kukuchosha namna hiyo.

Na mwisho wa kitabu ni kweli anayekuja ni shemeji. Ila hakuna kukumbatiana. Shemeji anaingia kwenye mtumbwi wa Subilaga, anasema maji yamepungua mwaka huu, naye Subilaga anajibu ndiyo, yamepungua, anapiga kasia. Jioni anaifunua ile sahani, anakula yeye. Basi. Neno kifo halimo.

Yaani hata maneno yako ya shemeji hayamo! Filamu imeshangilia, kitabu kimenyamaza, wewe ukaleta msiba unaosemwa kwa maiki. Nilikuuliza kwa nini, nikiwa nimekiweka kitabu kifuani, na usingizi ukanichukua hivyo hivyo. Nikakuota uko melini unasafisha meza, unanipungia mkono, husemi kitu.

Nikabaki na mzigo wangu. Nikifika pale mtu anaposhuka, niseme nini? Nikisema ya kwako, nakuzika mara ya pili kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikisema ya filamu, nakuumbua mbele ya Kyela nzima, na Mama yupo. Na moyo wangu, Baba, sikufichi, ulikuwa unataka neno moja tu: amerudi. Nilikuwa nalisema hata nikianika kakao.

Jumapili banda lilijaa mpaka mlangoni. Mama alikaa pale pale kwake, benchi la pili karibu na nguzo. Nilisalimia, nikapuliza maiki, sauti ikatoka ndogo, Bi Mwanaidi akasema, "Ongeza, mwanangu, hapa si kanisani." Nikaongeza. Niliwavusha mto mzima. Mvua ikaanza kupiga bati, mtumbwi ukaja, mwanamume akashuka, watu wakatoa leso zao tayari kwa ajili ya shemeji.

Nikakumbuka wiki zako za mwisho, koo lilipofunga. Wewe, mtu wa maneno! Ulikuwa unagonga kitanda kwa kiganja na sisi tunaelewa: maji, dirisha, kaa hapa. Nikazima maiki.

Mvua ilimeza ule muziki wa furaha. Tukabaki na yule mwanamke na yule mwanamume, wameshikana. Hakuna aliyepiga kelele. Ndipo Mama, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, akasema kwa sauti: "Ni mumewe huyo. Siku zote ni mumewe. Nani anamkumbatia shemeji namna ile?"

Banda zima lilicheka, Baba. Walicheka huku wanalia, Bi Mwanaidi mpaka akaegemea nguzo.

Nyumbani, tukichambua mchele, nikamuuliza kama kweli alijua. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. "Kila akifika pale alikuwa ananitazama mimi," akaniambia. "Enzi za meli nilimngoja sana pale bandarini Itungi. Alitaka nizoee kwamba siku moja hatarudi." Akaendelea kupepeta. "Nikamwacha aseme. Kasema miaka yote hiyo, na sikuzoea."

Baadaye akauliza, "Na kitabu kinasemaje?" Nikamwambia ni kirefu. Akasema yeye haendi popote.

Basi nakuahidi, nitamsomea. Kila jioni kidogo, kwa Kiswahili changu, na pale Kiswahili kitakaponiishia, kwa Kinyakyusa. Sitaruka sahani hata moja. Banda nalo nitalifungua, na mkanda ule nitautafsiri kila watakapoutaka, ila mwisho wake maiki itazimwa.

Ndaga fijo, asante sana, Baba, kwa sauti yote ile uliyotupa. Ukija tena kwenye usingizi wangu, usijisumbue kusema, gonga tu kitanda, nitakaa. Na ule mtumbwi ukifika, nitamwachia Mama aseme ni nani aliyeshuka.

Mwanao,
Tumpe