Mvi Zangu Kwenye Fomu ya Masista

Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha
Jumatatu, baada ya kuosha vyombo vya mchana

Kwa Wakesho, mjukuu wangu,

Kwanza kabisa, kifua chako kinaendeleaje? Ukungu wa Wundanyi mwezi huu naujua, na najua pia hutavaa sweta mpaka uanze kukohoa kama trekta. Vaa. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, lakini yalianza hujazaliwa, kwa hiyo usiwalaumu watu wa huku. Ng'ombe amezaa? Mbona hamniambii?

Nakuandikia kwa kalamu, mimi wa darasa la tatu, kwa sababu maneno ya simu unayasikiliza huku unakula. Haya nataka uyashike kwa mikono miwili. Mwakio, dereva wetu, yule wa Mwatate, anapanda ndege Alhamisi kwenda likizo. Atakuletea barua hii na picha moja. Picha usiikunje.

Sasa nikugombeze.

Ile fomu ya chuo cha masista uliyoipiga picha ukaituma kwa simu ya Mwakio, alinisomea tukiwa bado Riyadh, tumekaa kwenye ngazi za jikoni. Alisoma vizuri, jina lako, shule yako, alama zako, nami natikisa kichwa kama mwenye mali. Akafika pale wanapouliza mlipaji wa ada ni nani kwa mwanafunzi, akaisogeza simu karibu na macho.

"Soma."

"Mama, hapa mtoto ameandika mama mkubwa."

"Mama mkubwa gani?"

"Wewe."

Wakesho! Tangu lini mimi ni dada wa mama yako?

Najua umepiga hesabu. Wakala aliyenileta huku alinipunguza miaka kumi na tisa kwa kuwa hawakutaka mpishi aliyepita arobaini, kwa hiyo pasipoti inasema nina thelathini na minane. Mama yako, Mungu amrehemu, angekuwa na thelathini na saba. Ukiniandika nyanya, masista wataona nilimzaa nikiwa na mwaka mmoja, meno hayajajaa kinywani. Ukaona heri nigeuke dada yake. Ni akili, sikatai. Lakini ni akili ya wakala, na aliyekulea si wakala.

Ndiyo maana nilikupigia nikakwambia, "Usiipeleke bado," nikakata. Ulidhani nimeishiwa na pesa. Sikuwa nimeishiwa. Nilikuwa nafikiri, na mimi kufikiri hunichukua muda.

Nikwambie kitu sijawahi kukwambia. Kule Riyadh, nyumbani kwa Madam mtaa wa Al-Malqa, ukumbi wa chini ni marumaru tupu, nyeupe, kubwa kama uwanja wa shule yenu. Nikishapiga deki, kabla maji hayajakauka, sakafu inakuwa kama kioo, nami husimama na mopa yangu nikaangalia ndani yake. Nakuona unapita. Umeshika vitabu kifuani, huna ndoo. Pembeni iko ile miti yenye maua ya zambarau ya kwenye picha ya chuo, na kengele ya kanisa inalia polepole, kama imefungiwa ndani ya pamba. Hukimbii. Hilo ndilo hunishangaza kila mara. Katika ukoo wetu sijamwona mwanamke anayetembea bila kuharakishwa na mtu. Kisha sakafu inakauka, Madam anaita, "Yalla, Mkawasi, kahawa!" na wewe huonekani tena.

Ulipochagua chuo hicho nilikufokea, unakumbuka. Nilitaka unesi. Ukaniambia ni sanaa huria, falsafa na fasihi na historia na hesabu kidogo, vyote kapu moja. Nikasema kwa ada ile wangekupa hata cherehani. Ukanijibu, "Nyanya, wanamfundisha mtu kuuliza." Kuuliza! Wewe uliyeanza kuuliza kabla ya kutambaa! Lakini neno lile lilibaki nami. Miaka mitatu huku sijauliza swali ila "Chumvi imetosha?"

Na kuna jambo baya zaidi. Wakala alituonya tusiseme tuna wajukuu. Kwa hiyo Madam aliponiuliza kama nina watoto, nilisema ninaye mmoja, msichana, anasoma. Nilikutaja wewe. Kila nilipoulizwa habari za binti yangu nilitaja wewe, na mama yako nikamruka kama hakuwahi kuwepo. Sasa nawe unataka kunipa cheo cha dada yake, huko kwa masista, kwenye karatasi itakayowekwa kabatini miaka yote. Nilipata uchungu, mjukuu wangu. Kila Ijumaa ya pili nilikuwa najifungia bafuni napaka piko nyeusi kichwani ili nifanane na pasipoti. Baada ya kusomewa fomu, Ijumaa ilifika, nikalitazama lile bakuli la piko, nikalimwaga.

Wiki tano mvi zimeota chini ya mtandio, na hakuna aliyejua. Halafu shule zikafungwa, tukahamia huku Jeddah kwa Hajja, mama yake Madam, kama kila mwaka. Mimi ndiye ninayempikia na kumkanda miguu. Wiki iliyopita niliinama kumkanda, mtandio ukateleza. Mkono wake ukanishika kichwa.

"Hizi ni nini?"

"Mvi, Hajja."

"Una miaka mingapi wewe?"

Nikaona mambo mawili kwa mpigo, begi langu mlangoni, na ile miti ya zambarau ikikatwa mmoja mmoja. Nilikuwa na uongo wa kutosha mdomoni. Nikasema, "Hamsini na saba. Na yule msichana anayesoma ni mjukuu wangu. Mama yake alikufa."

Hajja alikiachia kichwa changu. Kisha akasema, "Miaka mitatu unaniambia, 'Inuka taratibu, Hajja, wewe ni mzee.' Kumbe tunalingana na huna adabu!" Akacheka mpaka nikamletea maji.

Madam hakucheka. Alikwenda kuchukua ikama yangu, kile kibali cha kukaa, akaniwekea mbele ya macho.

"Hapa ni thelathini na minane. Wakala alituambia hivyo."

"Madam, mimi wakala aliniambia nyumba yenu ina watu wanne."

Tuko kumi na mmoja, Wakesho, ukiwahesabu na mapacha. Akaitwaa ikama, akaondoka. Siku tatu hakunisemesha ila kwa jina la chakula. Nilisali kwa kuhesabu vidole, maana rozari sina. Siku ya nne Hajja alimwambia, nami nikiwa pale pale nakatakata vitunguu, "Huyu haendi popote. Nani mwingine humu anajua goti linaumia upande gani?" Madam akanigeukia. Nitamaliza mkataba, basi. Hautaongezwa. Halas.

Kwa hiyo sikiliza, na usilie juu ya karatasi, wino huu ni wa bei rahisi. Mwaka wa kwanza wa chuo ada iko tayari. Wa pili nitaulipa kabla sijarudi. Wa tatu na wa nne sina. Laiti ningeendelea na piko, labda ningekuwa nayo. Nimelifikiria hilo nikiosha sufuria na nikikausha sufuria. Lakini wewe mwenyewe ulisema masista wana msaada wa ada kwa wasio na wazazi, na lazima waje nyumbani waulize majirani. Watamkuta mama mkubwa gani hapo Wundanyi? Ungeondolewa mwaka wa tatu kwa ajili ya neno moja, na hata nywele zangu zisingekusaidia.

Fomu hiyo ichane. Chukua mpya kwa padri. Andika nyanya. Andika miaka hamsini na saba. Wakikuuliza mbona pasipoti inasema vingine, waeleze ilivyokuwa, wakala na mambo yake yote, na kama ni kosa waambie ni langu. Wakikukatalia kwa ajili ya ukweli huo, nitakuja na magoti yangu niwaulize mimi, nimeshaanza kuzoea.

Picha hiyo wameitaka wao, picha ya mlipaji. Nilipigwa huku Jeddah, mtaa wa Al-Baghdadiyah, kwenye kiduka karibu na wauza vitambaa, Hajja ananingoja garini na Mwakio. Mpiga picha aliniangalia kwenye kompyuta yake, akasema, "Mama, nywele nitakutilia rangi nyeusi, bure."

"Ukigusa hata unywele mmoja, sikulipi."

"Watu wote wanapenda."

"Mimi naipeleka kwa masista."

Hakuelewa, lakini aliacha. Zitazame. Nyeupe zile za mbele ni za mwaka aliokufa mama yako. Nilikuwa nimezisahau.

Siku hiyo hiyo ya picha tukapita kando ya bahari, Hajja akataka kushuka tukae. Jua lilikuwa linazama, lami ilikuwa imemwagiwa maji, inang'aa. Nikakuona tena. Safari hii mimi pia nilikuwemo. Nimekaa kwenye benchi la nyuma katika kanisa la chuo, kichwa wazi, cheupe pe, na msichana mmoja anakugusa bega akikuuliza, "Yule ni nani?" Jibu lako sikulisikia kwa kuwa Hajja alikuwa ananiomba leso. Basi lifanyie mazoezi.

Nisalimie mjomba wako Mghanga, mwambie zizi alilojenga lisipoanguka nitashangaa. Shangazi yako Mkegho, msusi, mwambie kichwa changu kinakuja na asitie mkono. Mzee Righa katekista, aniombee, lakini kwa kifupi. Kaburi la mama yako ling'olee magugu, umwambie nimemtaja mbele ya watu.

Sweta, Wakesho.

Mimi, nyanya yako,
Mkawasi, miaka hamsini na saba