Hina, Wino na Kioo cha Simu

Jumatano, baada ya isha

Na bado nasema inawezekana.

Leo Shangazi Zena amenicheka mbele ya wanawake waliokuja kumpaka hina binti yake, bi harusi. "Kioo cha simu kitengenezwe kwa printa? Ndiyo kazi unayotaka kwenda kuisomea Ulaya?"

Nikamuuliza kwa nini mpakaji hapaki mkono mzima, kisha afute pasipotakiwa.

"Si ataipoteza hina bure."

Nikamwambia viwandani ndivyo wanavyofanya: hugeuza kemikali inayotoa mwanga kuwa mvuke utande kioo kizima, na nyingi hupotea. Printa hudondosha tone la kemikali hiyo, kama wino, pale tu panapotakiwa kuwaka. Bei hushuka.

Baba humsikiliza sana dada yake, na hilo linanitia hofu, asije akanizuia kwenda.

Lakini nafasi ya chuo huko Ulaya nimeshaikubali. Nilijibu palepale kwa simu, kwa kidole kimoja, hina niliyopakwa nami haijakauka.